Chupa ya Soda Isiyo na Soda

Juma hili nataka tuzungumzie chupa. Siyo chupa ya pombe, hiyo ina wasemaji wengi. Nasema juu ya chupa tupu ya soda au ya maji, ambayo katika nyumba nyingi za hapa Magu haitupwi. Leo itatiwa mafuta ya taa, kesho sabuni ya maji iliyotengenezwa mtaani, na msimu wa pamba ukifika itatiwa dawa ya wadudu.

Majuzi nilisimama penye duka moja, akaja mzee kutaka dawa ya pamba, lakini kidogo tu, kwa kadiri ya fedha alizokuwa nazo. Muuzaji akamwuliza, "Chupa unayo, mzee wangu?" Mzee akatoa ya maji ya kunywa. Ikamiminwa humo, na safari ya kwenda nyumbani kwa wajukuu ikaanza. Jina la dawa, kipimo chake na alama ya fuvu vikabaki dukani.

Mtoto wa miaka miwili hasomi maandishi, husoma umbo. Chupa ya soda kwake ni soda. Na dawa nyingi za pamba zikichanganywa na maji hugeuka nyeupe kama maziwa. Umlaumu nani?

Mafuta ya taa nayo tumeyazoea mno. Ubaya wake mkubwa hauko tumboni, uko mapafuni. Ni mepesi, na mtoto akipaliwa huteleza yakaingia kwenye njia ya hewa. Funda moja laweza kumletea kikohozi, homa na kupumua kwa shida. Ndiyo sababu madaktari hukataza kumtapisha, kwa kuwa yakipanda tena hupata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Maziwa na mafuta ya kula, ambayo bibi zetu huyakimbilia, hayaondoi sumu hiyo, na yanaweza kumtapisha. Magadi makali ya kutengenezea sabuni huunguza koo. Kidonda kikipona huacha kovu linaloziba njia ya chakula. Hapo pia msimtapishe.

Dawa za wadudu zina njia nyingine, hupenya hata ngozi. Baba akirudi shambani na bomba mgongoni, akambeba mtoto kabla ya kuoga, amempelekea sumu mwilini. Nguo hizo zifuliwe peke yake, siyo beseni moja na nepi. Wapo pia wanaonyunyizia dawa ya pamba kitandani ili kuua kunguni, kisha watoto wanalazwa hapo hapo. Mwili wa mtoto ni mdogo, na kiasi kinachompa baba kizunguzungu tu chaweza kumwua mwanawe. Mkiona mate yanamchuruzika, jasho linamtoka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, msingoje asubuhi.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria, kwa kuwa wapo wavuvi waliokuwa wakiua samaki kwa sumu za shambani. Viwanda vikatikisika, wakubwa wakakutana, doria zikaongezwa. Vema kabisa. Lakini sangara alikuwa na mnunuzi wa kumlalamikia. Mtoto anayekunywa sumu ile ile uani kwao hana mnunuzi Ulaya.

Basi dawa inunuliwe katika chombo chake, hata ikibidi majirani wawili wachangie. Ikae kwenye sanduku la kufuli, mbali na unga na maharage. Chini ya kitanda siyo ghala. Chombo kikiisha kisuuzwe mara tatu, maji yake yarudishwe kwenye bomba na kupuliziwa pamba, kisha kitobolewe. Kisitupwe ziwani, wala kisiwe kopo la kuchotea maji.

Na ajali ikitokea, mvueni mtoto nguo zilizolowa, mwosheni kwa maji na sabuni, kisha mbio hospitali, na chombo cha dawa mkononi. Zipo sumu zinazotibiwa kwa atropini na zipo ambazo atropini si tiba yake, na daktari huanzia kwenye lebo. Mkimpelekea chupa ya soda, atabaki kunusa na kuwauliza ninyi.