Gita Lilipopotea Katikati ya Sebene

Saa kumi jioni, siku ya dansi, mpiga solo wetu alitoa mkobani kiboksi kisichozidi ukubwa wa kitabu kinene, akachomeka waya moja kwa moja kwenye mikisa, akachuna. Kila aliyekuwa ukumbini aligeuka. Sauti ilikuwa pana, tamu, yenye mwangwi mrefu. Saa nne usiku, bendi ilipokolea, tarumbeta na kinanda vikiwa juu, gita lile lile halikusikika. Vidole vyake vilikuwa vinakimbia kwenye nyuzi, ila kilichotufikia ni mvumo tu. Mimi ndiye niliyekuwa fundi mitambo. Nilimpandisha mpaka spika zikaanza kupiga mluzi, na bado hakusikika.

Kiboksi kile ni modela: kompyuta ndogo inayokokotoa namna amplifaya, spika na maikrofoni vinavyoibadilisha sauti ya gita. Line 6 walitoa POD yao mwaka 1998, na leo kuna Kemper, Helix, Quad Cortex na nyingine nyingi. Aliyewahi kupandisha Fender Twin Reverb ngazini, mzigo unaokaribia kilo 30, hahitaji kuelezwa faida yake. Kifaa hakikuwa na kosa usiku ule. Kosa ni kwamba sauti ilikuwa imetengenezwa chumbani.

Mwaka 1933, watafiti wa Marekani Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha kwamba sikio halisikii masafa yote kwa uzito mmoja, na kwamba tofauti hiyo hubadilika kadiri sauti inavyopanda. Sauti ikiwa ndogo, besi hufifia masikioni zaidi kuliko masafa ya katikati. Ndiyo maana mpiga gita akiwa nyumbani usiku, kwa sauti ya chini ili asiwaamshe watoto, huongeza besi, huongeza makali ya juu, na katikati hupaacha pamebonyea. Pale chumbani inapendeza kweli. Ukiipeleka jukwaani kwa sauti kubwa, besi ile huvimba na kugongana na gita la besi na dramu kubwa, makali yanachoma masikio, na pale katikati, kati ya hezi 500 na 2,000 hivi, ambapo gita huzungumza, hapana kitu.

Kwa muziki wa dansi hasara hii ni kubwa mno. Solo, solo la pili na rithimu hujibizana, na raha yote iko katika kusikia nani kauliza na nani kajibu. Magita matatu yenye besi nyingi na mwangwi mrefu, chini ya paa la bati linalorudisha sauti lenyewe, ni uji.

Kwa hiyo tengeneza sauti zako mazoezini, kwenye spika kubwa, kwa ukubwa utakaopigia, rithimu na dramu zikiwa zinapigwa. Chuja kilicho chini ya hezi 100 na kilicho juu ya 7,000 hivi. Mwangwi, nusu ya unaoutaka.

Kuna kosa jingine ninalolikuta mara kwa mara: spika juu ya spika. Spika ya gita ya inchi 12 hupoteza makali yake haraka kuanzia karibu hezi 5,000, na modela huiga upotevu huo. Ukiunganisha modela na amplifaya ya gita, zima uigaji wa spika, la sivyo sauti itatoka kama iliyofunikwa blanketi. Ukienda kwenye mikisa, uwashe, ama utasikia nyuki ndani ya kopo.

Kuhusu kuchelewa kwa sauti, wengi wanaogopa bure. Modela nzuri huchelewesha kwa milisekunde chache tu. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo ukisimama mita tatu mbele ya amplifaya yako ya zamani, tayari ulikuwa unaisikia ikiwa imechelewa karibu milisekunde tisa.

Linalostahili hofu ni umeme. Ukikatika, modela huwaka upya kama kompyuta, na jenereta ikishanguruma wenzako wako ubeti wa pili. UPS ndogo, betri inayoshika umeme ukikatika, inatosha. Uwe pia na spika yako mwenyewe nyuma yako: mpiga rithimu asiyemsikia mpiga solo hawezi kumjibu.

Jumapili iliyofuata tuliitengeneza upya sauti ya yule kijana. Tulikata besi, tukapunguza mwangwi, tukapandisha masafa ya hezi 1,000. Alipoipiga peke yake alikunja uso, akasema imekonda. Nikamwomba asiguse kitu. Rithimu ikaingia, kisha besi, kisha dramu, na solo likakaa juu yao, kila nota na mahali pake. Alipiga sebene nzima bila kukitazama tena kile kiboksi.