Kuisaka Bismarck: Kompyuta ilivyokuwa refa na mpinzani

Kwenye bao au drafti kila kitu kiko wazi. Vita vya majini sivyo: meli inaishi kwa kujificha. Sasa utaifichaje wakati mwenzako kakaa mbele yako anaangalia meza ileile?

Mwaka 1962, kampuni ya Avalon Hill ya Marekani ilitoa gemu ya mezani iitwayo Bismarck. Ilihusu meli ya kivita ya Ujerumani iliyoizamisha HMS Hood ya Uingereza Mei 24, 1941, kisha yenyewe ikazama Mei 27 baada ya kusakwa Atlantiki.

Katika gemu hiyo kila mchezaji ana ramani yake ya siri. Mwingereza anataja eneo analopekua, Mjerumani anajibu kama yupo au la. Yaani unategemea mwenzako aseme kweli na asikosee kuandika. Na asipokuja siku hiyo, hakuna gemu.

Hapo ndipo Joel Billings alipoona nafasi. Aliacha matangazo kwenye maduka ya gemu huko California akitafuta mtu wa kuandika programu, akampata John Lyon. Mwaka 1980 kampuni yake, SSI, ikatoa Computer Bismarck kwa ajili ya Apple II na TRS-80.

Sasa kompyuta ndiyo iliyotunza siri, ikapiga hesabu za mapigano na kumwongoza Mjerumani ukicheza peke yako. Walimpa jina kabisa: Otto von Computer.

Haikuwa kazi nyepesi. Apple II ilihitaji kumbukumbu ya kilobaiti 48, na picha moja tu ya simu yako leo inazidi hapo mara nyingi. Ramani, meli, kanuni na "akili" ya Otto vyote vilibanwa humo, kwa lugha ya BASIC, rahisi kuandika lakini nzito kukimbia.

Avalon Hill hawakufurahi. Walishtaki wakidai gemu yao imenakiliwa. Kesi ya namna hii ni ngumu: sheria ya hakimiliki ya Marekani hulinda maandishi na michoro ya gemu, si wazo la namna ya kucheza, na Bismarck yenyewe ni historia ya wote. Pande mbili zikamalizana nje ya mahakama.

Mwaka huohuo wa 1980, Avalon Hill nao waliingiza sokoni gemu zao za kompyuta, ikiwemo Midway Campaign. Ya majini vilevile.