Moshi Hadi Uhuru: Mlima Huhesabiwa kwa Usiku

Kutoka Moshi mjini hadi kilele cha Uhuru, juu ya Mlima Kilimanjaro, ukichora mstari ulionyooka kwenye ramani, ni kilometa kama 30 tu. Wako wakazi wa Kibaha wanaosafiri zaidi ya hapo kila asubuhi kwenda kazini Posta, Dar es Salaam. Lakini Moshi iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na Uhuru iko mita 5,895. Ndani ya kilometa hizo 30 mtu anapanda takriban mita 5,000. Hapo ndipo mipango mingi ya safari inapoharibika: msafiri anapiga hesabu ya nauli, kiingilio na siku za likizo, asipige hesabu ya usiku atakaolala na mwinuko wa kila mahali atakapolala. Kwa usalama wake, hesabu hiyo ya pili ndiyo yenye uzito.

Hewa ya kileleni ina oksijeni kwa asilimia 21, sawasawa na hewa ya Tanga au Mombasa. Kinachopungua ni mgandamizo. Pale Uhuru mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi huingiza karibu nusu tu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili unaweza kuzoea hali hiyo kwa kiasi: unahema kwa kasi zaidi, figo zinarekebisha kemia ya damu, na polepole damu inaongeza uwezo wa kubeba oksijeni. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, wala haiharakishwi na ujana, ubavu au mazoezi. Mtu anaweza kumaliza mbio za Kilimanjaro Marathon mjini Moshi bila shida, kisha akazidiwa na mlima uleule aliokuwa akiutazama alipokuwa anakimbia.

Ushauri unaokubalika katika tiba ya miinuko ni huu: ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne pawe na siku ya kutopandisha malazi kabisa. Sasa ipime ratiba ya siku tano ya njia ya Marangu kwa ushauri huo. Usiku wa kwanza unalala Mandara, kama mita 2,700. Wa pili unalala Horombo, kama 3,700. Wa tatu unafika Kibo, kama 4,700, na usiku huohuo, kuelekea saa sita, unaamshwa kwenda kileleni. Kila siku umepandisha malazi kwa mita 1,000, mara mbili ya kiwango kinachoshauriwa, na baada ya hapo ndipo unapotakiwa kupanda sehemu ngumu kuliko zote, gizani na kwenye baridi kali.

Ratiba ya siku sita inaongeza usiku wa pili pale Horombo. Mchana wake wageni wengi hupanda hadi kwenye miamba yenye michirizi myeusi na myeupe inayofanana na ngozi ya pundamilia, kisha hurudi kulala palepale. Mtu mwenye haraka ataiona kuwa siku iliyopotea, kwa kuwa jioni yuko alipokuwa asubuhi. Kumbe ndiyo siku ambayo mwili wake unafanya kazi kubwa kuliko zote. Njia ya Machame inatumia kanuni hiyohiyo: unapita Lava Tower, kama mita 4,600, kisha unashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Panda juu, lala chini. Mwenye nafasi zaidi anaweza kutangulia Mlima Meru, katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, wenye zaidi ya mita 4,500. Huko utasindikizwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati na wanyama wengine.

Dalili za kuziheshimu

Kichwa kikiuma huko juu, na pamoja nacho ukapata kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida au kukosa hamu ya kula, chukulia kwamba ni ugonjwa wa miinuko hadi ithibitike vinginevyo. Usiendelee kupanda. Pumzika hapohapo, na hali isipotulia, shuka. Usimfiche kiongozi wako. Wengi wanaozidiwa walianza kwa kunyamaza wasionekane wanyonge.

Kuna hali mbili ambazo hazingoji. Ya kwanza ni ubongo kuvimba. Kipimo chake hakihitaji chombo: mwambie mwenzako atembee hatua kumi kwa mstari, kila hatua kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Aliyechoka tu ataweza, hata kama ni kwa kujikongoja. Anayepepesuka, anayetupa mikono ili asianguke, au anayejibu maswali mepesi kwa maneno yasiyoeleweka, ashushwe mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Ya pili ni maji kujaa kwenye mapafu: mtu anahema akiwa ameketi, anakohoa mfululizo, na kifua kinatoa sauti ya kukoroma. Kwa ngozi nyeusi angalia kucha na upande wa ndani wa midomo, maana ndiko rangi ya kibluu inakoonekana. Oksijeni ya mtungi na dawa husaidia, ila tiba yenyewe ni kushuka.

Kwenye Kilimanjaro mgonjwa asiyeweza kutembea hushushwa kwa machela ya chuma yenye gurudumu moja katikati, ikishikwa na watu mbele na nyuma. Fikiria chombo hicho usiku, kwenye mawe, huku watu hao nao wakiwa hawajalala. Anayekubali kushuka mapema kwa miguu yake mwenyewe anawalinda na wenzake pia.

Kabla ya kulipia safari, muone daktari. Mwenye ugonjwa wa selimundu hapaswi kwenda kwenye miinuko hiyo. Hata aliyerithi kinasaba kimoja tu, ambaye maisha yake yote hajaumwa, anaweza kwa nadra kupata madhara ya bandama akiwa juu. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto yasipuuzwe. Wajawazito na wenye maradhi ya moyo au mapafu nao waulize mapema. Dawa ya asetazolamidi husaidia mwili kuzoea, lakini itumike kwa maelekezo ya daktari, hasa kwa mwenye mzio wa dawa za salfa.

Kampuni, wapagazi na bei

Kilimanjaro haupandwi bila kiongozi mwenye leseni. Ukifika stendi ya Moshi unaweza kukutana na vijana wanaouza safari za mlima kwa bei ya kuvutia. Usilipe barabarani. Nenda ofisini, taka leseni ya biashara ya utalii, kisha uliza: Siku ngapi? Kila kiongozi ana wageni wangapi? Mtungi wa oksijeni na machela vipo? Nani anaamua mgeni ashuke, na je, uamuzi huo unaweza kupingwa kwa pesa? Wapagazi wanalipwa kiasi gani, na wanakula mara ngapi kwa siku? Mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20 na hupimwa kwenye mizani getini. Bei iliyoshuka kupita kiasi imepunguza kitu fulani, na mara nyingi ni siku za kuzoea hewa au posho ya wale wanaokubebea hema.

Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio nafuu kuliko wageni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho chako. Fedha utakayookoa hapo inaweza kukulipia siku ya ziada.

Msimu na mji wenyewe

Januari na Februari, kisha Juni hadi Oktoba, ndiyo miezi ya ukavu. Masika, Machi hadi Mei, njia huteleza na theluji inaweza kuongezeka juu. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Mchana wa nyuzi 30 Moshi unaweza kuwa chini ya sifuri kileleni, na usiku baridi ikazidi sana hapo. Desemba, Wachaga, wenyeji wa huku, wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, kata tiketi ya basi mapema na usipange kuanza kupanda kesho yake baada ya safari ndefu kutoka Dar es Salaam.

Hata asiyepanda mlima ana ya kuzingatia. Mvua ikinyesha msituni juu, mito kama Karanga na Weruweru inaweza kujaa ghafla huku mjini jua linawaka. Usivuke kwa miguu maji yaliyobadilika rangi. Njia ya kwenda maporomoko ya Materuni inataka viatu vyenye meno. Kwenye chemchemi za Chemka maji yana kina, na kamba ya kurukia si ya asiyejua kuogelea. Ziwa Chala lina historia ya mamba. Kwenye bodaboda dai kofia ngumu, na andika kwenye simu namba 112 ya polisi pamoja na namba ya mwenyeji wako. Hospitali ya rufaa ya KCMC iko hapohapo Moshi. Hakikisha bima yako inatambulika huko na inagharamia uokoaji mlimani.

Ukibakiwa na fedha ya kuchagua kati ya koti jipya na siku moja zaidi, koti kodi mjini, siku nunua. Na kiongozi akikwambia shuka, shuka. Mlima utaupata mwakani.