Kizibo cha nyuma ya boti: nani alikiangalia asubuhi hii?

Kwa mutu wa Bukavu, ziwa njo barabara. Ile ya inchi kavu ya kwenda Goma, kupitia Kalehe na Minova, inachosha mutu na gari. Basi mwenye haraka anashuka ku bandari na kupanda kano rapide. Mwenye mizigo anachukua boti kubwa yenye inatembea polepole. Wote wanauliza bei na saa ya kuondoka. Hakuna mwenye anauliza juu ya kizibo.

Hicho kizibo, chenye wengi wanaita bushoni, kiko nyuma ya boti, chini kabisa. Kinaziba tundu yenye upana wa kidole gumba, kama milimetre 25 hivi. Boti ikipandishwa inchi kavu, wanakifungua kusudi maji ya mvua na ya mawimbi yatoke. Mbele ya kurudi mu maji, wanakifunga. Ni hayo tu. Lakini tufanye hesabu: kama kinatoka wakati tundu iko sentimetre 30 chini ya maji, lita karibu 40 zinaingia kila dakika. Kwa saa moja, ni zaidi ya tani mbili. Na kwa sababu maji yanajificha chini ya mbao za kukanyaga, kwanza mutu anaona tu boti imekuwa nzito.

Mu boti ya zamani, mara nyingi kizibo ni mupira wenye kuwa na skurubu katikati: ukizungusha, mupira unafura na kubana tundu. Kiisha miaka, ule mupira unakuwa mugumu kwa jua, unapasuka pembeni, na hata ukikaza haufure tena. Wengine wanaongeza kipande cha nguo ao cha sashe. Nguo inazuia maji siku ya kwanza, kwa sababu boti imetulia ku bandari. Mu mawimbi karibu na Idjwi, inakuwa hadisi ingine.

Kukibadilisha hakuombe fundi mukubwa. Toa cha zamani, safisha tundu, ingiza kidole uone kama ukingo haukuliwa. Peleka kizibo cha zamani ku duka ili upime. Usinunue kwa macho. Kama ni cha skurubu, zungushia utepe mweupe wa mafundi wa maji, anza kukaza kwa mukono, kama kinaingia pembeni rudisha nyuma. Boti ya aluminiyumu isipewe kizibo cha shaba: vyuma hivyo viwili vikikutana mu maji, aluminiyumu njo inaliwa. Weka cha plastiki ngumu.

Mara nyingi ubaya hauko ku kizibo, uko ku bomba fupi yenye kinaingia ndani. Boti nyingi za fibre ziko na mbao katikati ya ukuta wa nyuma. Gundi ya kuzunguka bomba ikikauka, maji yanaingia polepole mu mbao na zinaoza, inje rangi ikiwa bado nzuri. Gonga na mupini wa turnevisi: sauti ya kupwaya inamaanisha mbao imekwisha. Hapo kizibo kipya hakitasaidia. Ni ukuta njo wa kutengeneza. Na gundi ya kurudishia iwe ile ya boti, yenye kuvumilia kukaa mu maji, hapana silikoni ya dushi.

Boti za jeti ni hadisi ya karibu. Hazina panga inje: pompi inavuta maji kwa tundu la chini na kuyasukuma nyuma. Ni Bill Hamilton wa New Zealand mwenye alizifanya zijulikane, mu miaka ya 1950, juu ya mito ya maji mafupi. Juu ya njia ya maji, kuko kifuniko cha kusafishia: unakifungua, unaingiza mukono, unatosha majani ao mawe yenye yamekwama. Kwa jeti ya zamani, mupira wa hicho kifuniko ukichoka, pompi inavuta hewa pamoja na maji: moteri inalia sana, boti haiendi. Mutu anaanza kupasua moteri bure.

Na hapa kwetu chakula cha pompi hakikosekane. Mwenye ameona ule mulima wa chupa na masashe yenye yanafika ku barrage ya Ruzizi na kuziba mashini za umeme, anaelewa kwa nini. Hata moteri za kawaida zinaziba ku tundu la maji ya kupoesha. Kama unafungua kifuniko, zima moteri, toa ufunguo, uweke mu mufuko wako mwenyewe. Angalia pia boti inakaa namna gani: ikiwa imejaa watu, maji yanaweza kupita kifuniko na kuingia ndani. Shusha watu kwanza.

Kujaza njo kunaharibu yote. Siku ya tarehe 3 mwezi wa 10, mwaka 2024, MV Merdi yenye ilitoka Minova ilizama karibu na Kituku, ku Goma. Wakubwa wa jimbo walisema watu 278 walikuwa ndani. Hapo hatuongee kizibo, tunaongea uzito. Lakini boti yenye imejazwa inashuka, tundu yake inaenda chini zaidi, na maji yanasukuma kwa nguvu zaidi ule mupira wa zamani.

Kiisha kutengeneza, jaribu boti ikiwa ingali inchi kavu. Mwanga ndoo mbili ao tatu za maji ndani, karibu na kizibo, ungoje nusu saa, kiisha lala chini uangalie kwa inje. Tone moja likitoka, toa yote na uanze upya. Kizibo cha akiba kifungwe na kamba karibu ya usukani, pamoja na nyundo ndogo na kipande cha muti laini kilichochongwa ncha, cha kugongea mu tundu siku kile kingine kinatoka katikati ya ziwa.