Uzamifu huanza na swali, si alama pekee

Mwenye shahada ya uzamili mjini Voi anayetamani uzamifu huenda akadhani alama nzuri zatosha. Sivyo. Jopo la mahojiano hutaka kujua atachunguza nini na kwa njia gani. “Ndovu na wakulima” ni mada pana mno. “Kwa nini ndovu wa Tsavo huvamia mashamba fulani na kuyaacha mengine” ni swali linaloweza kujibiwa. Ni vyema pia kumwandikia mapema mhadhiri wa fani hiyo, kwani bila msimamizi ombi hukwama.

Milango ipo karibu: Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilipata hadhi kamili mwaka 2016, nacho Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, kina kituo cha utafiti Wundanyi. Aliyekulia kando ya mashamba hayo ana hazina. Asiipoteze kwa pendekezo lisilo na swali.