Kifundo cha mguu kikiteguka, kupumzika pekee si dawa

Jumatatu moja asubuhi kijana mmoja aliingia katika kliniki yangu akichechemea, kiatu kimoja kikiwa mguuni na kingine mkononi. Siku za wiki yeye ni utingo wa matatu na Jumapili ni kipa wa timu ya mtaa. Kifundo cha mguu wake wa kulia kilikuwa kimefura na ngozi imevilia damu. Hiyo ilikuwa mara ya nne mguu huo kuteguka katika muda usiotimia mwaka.

"Daktari, huu mguu una nini?" aliniuliza. "Safari hii sikuwa hata uwanjani. Nilishuka tu kwenye gari, tena likiwa limesimama."

Mwenye gari alikuwa amekwisha kumpa mtu mwingine kazi hiyo, kwa kuwa utingo asiyeweza kupanda na kushuka hana faida barabarani.

Nilifungua kadi yake. Mara ya kwanza alitibiwa na mimi mwenyewe, na maandishi yalikuwa yangu: picha ya eksirei haionyeshi mfupa uliovunjika, apewe dawa ya maumivu, afungwe bandeji, apumzike wiki mbili. Hakuna baya katika hayo. Kosa ni kwamba niliishia hapo. Sikumwambia afanye nini baada ya zile wiki mbili.

Msomaji, huenda nawe umewahi kuambiwa hivyo hivyo. Makala haya yanaeleza kwa nini kifundo kilichoteguka mara moja huteguka tena na tena, na jinsi unavyoweza kukizuia ukiwa nyumbani kwako bila gharama kubwa.

Kifundo huteguka vipi?

Mifupa ya kifundo cha mguu imeshikanishwa na kano, yaani nyuzi ngumu zinazofunga mfupa mmoja kwa mwingine. Mtu anapokanyaga shimo, jiwe au mguu wa mwenzake, wayo hupinduka kwa ndani, na uzito wote wa mwili huangukia kano za upande wa nje. Kano hizo hunyooka kupita kiasi. Zikiumia kidogo, nyuzi chache hukatika. Zikiumia sana, kano nzima yaweza kukatika.

Damu na majimaji huvuja, na mguu hufura. Maumivu huwa makali siku za kwanza, kisha hupungua. Kwa watu wengi, baada ya wiki mbili au tatu mguu huonekana wa kawaida. Hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa maana maumivu hutangulia kuondoka kabla ya mguu kupona. Kano huendelea kujijenga kwa miezi kadhaa.

Isitoshe, kano si kamba tu. Ndani yake mna mishipa midogo ya fahamu ambayo kila mara huupasha ubongo habari kuhusu jinsi wayo ulivyokaa. Ukikanyaga kokoto gizani, habari hufika upesi, na misuli ya nje ya mguu hukaza na kuurudisha wayo mahali pake kabla hujajua lolote. Kano zikiumia, mawasiliano hayo huvurugika. Misuli nayo, kwa kukaa bila kazi, hulegea na kuchelewa kuitikia.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Huko London, daktari wa mifupa M.A.R. Freeman aliandika mwaka wa 1965 kwamba wagonjwa waliofundishwa mazoezi ya kusimama kwa mizani hawakusumbuliwa sana na miguu inayowasaliti. Ni zaidi ya miaka sitini sasa, lakini mafunzo hayo yamechelewa mno kufika katika vyumba vyetu vya matibabu, changu kikiwemo.

Utafiti unasema nini?

Kwa miaka mingi madaktari na makocha walifuata kanuni ya mambo manne: pumzika, weka barafu, funga bandeji, inua mguu. Kanuni hii ilipata umaarufu kupitia kitabu cha daktari Mmarekani Gabe Mirkin kilichotolewa mwaka wa 1978. Mnamo 2014, Dkt Mirkin mwenyewe alibadilisha msimamo wake na kueleza kwamba barafu pamoja na mapumziko kamili huenda vikachelewesha kupona. Barafu bado hutuliza maumivu, lakini haiunganishi kano.

Mwaka wa 2010 matokeo ya utafiti uliofanywa Ireland ya Kaskazini yalichapishwa. Watu 101 walioteguka vifundo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifuata ile kanuni ya mambo manne. Lingine lilianzishiwa mazoezi mepesi katika wiki ya kwanza. Wale wa mazoezi waliweza kutumia miguu yao vyema zaidi katika wiki mbili za mwanzo.

Utafiti mwingine, wa Uholanzi, ulichapishwa mwaka wa 2009 na ndio unaomhusu zaidi yule utingo wangu. Wanamichezo 522 ambao walikuwa wametoka tu kuteguka kifundo walifuatiliwa kwa mwaka mzima. Wote walipata matibabu ya kawaida waliyoyachagua, lakini 256 kati yao walipewa pia mazoezi ya mizani ya kufanyia nyumbani, mara tatu kwa wiki, kwa wiki nane. Katika kundi la mazoezi, watu 22 kwa kila 100 waliteguka tena. Katika kundi lisilofanya mazoezi hayo, walikuwa 33 kwa kila 100.

Mazoezi hayo basi si kinga kamili, lakini yaliwaepusha wengi. La kutia moyo ni kwamba walionufaika hasa ni wale ambao hawakuwa wamepata matibabu ya hospitali walipoumia. Nchini kwetu, watu wengi walioteguka hawaendi hospitali kabisa. Hufunga kitambaa na kuvumilia.

Kwanza, hakikisha mfupa haukuvunjika

Kabla ya mazoezi yoyote ni lazima ujue kama ni kano au ni mfupa. Mnamo 1992 madaktari wa mji wa Ottawa, nchini Canada, walitoa kanuni rahisi ambayo hutumika hadi leo. Nenda upigwe picha ya eksirei ikiwa:

- Hukuweza kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea, mara tu ulipoumia na pia unapofika kwa daktari.
- Unapobonyeza mfupa wenyewe, kwenye ncha au upande wa nyuma wa vile vinundu viwili vya kifundo, cha ndani na cha nje, unasikia maumivu makali.
- Unasikia maumivu ukibonyeza mfupa katikati ya wayo upande wa ndani, au ule uliojitokeza ukingoni upande wa kidole kidogo.

Kanuni hii haimfai mtoto mdogo, mlevi, wala mtu ambaye miguu yake imekufa ganzi, mathalani kwa sababu ya kisukari. Hao waonwe na daktari moja kwa moja. Mguu ukiwa umepinda, umepoa au umebadilika rangi kwenye vidole, au kuna jeraha wazi, usingoje kesho.

Hapa niseme neno kuhusu kuchuliwa. Wengi hukimbilia kwa mkandaji ambaye huvuta na kusokota mguu siku ile ile ulipoumia "ili urudi mahali pake." Kano iliyochanika haikutoka mahali, na kuisokota ni kuichana zaidi. Na ikiwa mfupa umevunjika, unaweza kuusogeza.

Mazoezi hatua kwa hatua

Siku mbili au tatu za kwanza, linda mguu. Ufunge bandeji isiyobana sana, na ukikaa uinue juu ya mto. Ukitaka barafu, ifunge kwa kitambaa na uiweke kwa dakika 10 hadi 15, usiiweke juu ya ngozi tupu. Tumia gongo ukihitaji. Hata hivyo, usiuache mguu umelala kabisa. Mara kadhaa kwa siku, peleka wayo juu na chini taratibu, kisha chora herufi za alfabeti hewani kwa kidole gumba cha mguu. Maumivu kidogo yanakubalika, lakini yakizidi, punguza.

Baada ya hapo anza kutembea, hatua fupi fupi, ukikanyaga kisigino kwanza. Uvimbe ukipungua, shika ukuta na uinuke kwa vidole vya miguu yote miwili, mara kumi, upumzike, urudie. Siku zikipita, inuka kwa mguu ulioumia pekee.

Kisha yaja mazoezi ya mizani, na haya ndiyo yanayorudisha mawasiliano kati ya mguu na ubongo. Simama kwa mguu ulioumia karibu na ukuta au meza ili usianguke. Hesabu hadi thelathini. Ukiweza bila kuyumba, fumba macho. Ukiweza hilo pia, kunja blanketi na usimame juu yake. Hatimaye mwombe mwenzako akurushie mpira nawe uudake ukiwa umesimama kwa mguu mmoja. Fanya hivi mara tatu kwa wiki, kwa muda usiozidi nusu saa, kwa wiki nane. Ukikosa nafasi, simama kwa mguu mmoja unapopiga mswaki. Wazee na wenye kizunguzungu wasifumbe macho bila mtu wa kuwashika.

Hatua ya mwisho ni kurudi mchezoni. Kimbia kwanza kwa mstari ulionyooka, baadaye kwa kukata kona, kisha ruka. Jipime kwa mguu wako mzima: je, ule ulioumia unaruka umbali sawa na mwenzake? Unaweza kuinuka kwa vidole mara sawa? Ikiwa sivyo, bado hujapona, hata kama huna maumivu. Ukianza kucheza, mshipi maalumu wa kifundo husaidia pia kuzuia kuteguka upya, lakini usiuvae uwe badala ya mazoezi.

Dawa na wataalamu

Dawa ya maumivu kama parasetamoli inatosha kwa wengi. Dawa za aina ya ibuprofen zina nguvu, lakini hazimfai mwenye vidonda vya tumbo au maradhi ya figo. Na usimeze dawa ili uweze kucheza mechi. Maumivu ni kengele ya mwili, na anayeizima ili aingie uwanjani atalipa baadaye.

Ikiwa wiki sita zimepita na mguu bado unafura, unakwama au unakusaliti, rudi kwa daktari. Pengine kano imekatika kabisa, au gegedu lililo kati ya mifupa limeumia. Hata hapo, mazoezi ndiyo hujaribiwa kwanza, na upasuaji ni kwa wachache.

Mwombe daktari akutume kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali nyingi kubwa za umma zina idara hiyo, na mara nyingi hukaa bila wagonjwa wa aina hii kwa sababu sisi madaktari hatuwapeleki. Tangu 2014 Kenya ina sheria inayosimamia kazi hiyo, kwa hivyo una haki ya kumuuliza anayekuhudumia kama amesajiliwa. Kazi yake hasa ni kukufundisha mazoezi na kukupima unavyoendelea. Ukienda mara tatu na kila mara unalazwa kitandani chini ya mashine ya joto bila kufundishwa zoezi hata moja, uliza kwa nini.

Nao makocha wa mitaa wana wajibu. Mchezaji aliyeteguka Jumapili hii asipangwe Jumapili ijayo kwa sababu tu amesema haumwi. Mwambie asimame kwa mguu mmoja mbele yako. Akiyumba kama mti kwenye upepo, mrudishe benchi. Dakika kumi za mazoezi ya mizani kabla ya kila mazoezi ya timu hazihitaji kifaa chochote, na hata uwanja wetu wa changarawe wenye mashimo unatosha.

Yule utingo nilimtuma kwa fiziotherapia, na safari hii niliandika kwenye kadi yote niliyoyasahau hapo awali. Alilalamika kwamba kusimama kwa mguu mmoja kama korongo si matibabu ya mtu mzima. Siku ya kwanza alishindwa kufikisha sekunde tano. Wiki ya nane alinionyesha nusu dakika akiwa amefumba macho, kisha akaomba barua ya kumpelekea mwenye gari. Nilimwandikia.

Alipata kazi katika gari jingine. Timu yake ilikuwa imekwisha kupata kipa mpya, na kwa hilo sikuwa na barua ya kumwandikia.

Ikiwa kifundo chako kimewahi kuteguka, hata mwaka jana, fanya jaribio hili jioni ya leo. Simama kando ya meza kwa mguu mzima, kisha kwa ule ulioumia. Ukiona tofauti, basi hukumaliza matibabu, na wakati wa kuyamaliza bado upo.