Je, Wajua? Kufunga Choo Wodini

Je, wajua kwamba mtu anaweza kulazwa kwa sababu ya mguu, kisha siku ya nne kinachomtesa kikawa tumbo? Kufunga choo huwapata wagonjwa wengi watu wazima, na mara nyingi chanzo ni kulazwa kwenyewe: kitanda, dawa, chakula na aibu.

Je, wajua kawaida ya kwenda choo ni ipi? Mara 3 kwa siku hadi mara 3 kwa wiki. Anayekwenda siku moja na kuruka moja, bila kujikamua, mwacheni.

Je, wajua kwamba mofini, kodeini na tramadoli hutuliza maumivu na kuulaza utumbo pia? Usingizi na kichefuchefu mwili huvizoea baada ya siku chache. Kufunga choo hauzoei. Kwa hiyo anayeanzishiwa mofini ya kila siku anatakiwa aanzishiwe na dawa ya kulainisha choo, asisubiri kuteseka kwanza. Vidonge vya kuongeza damu navyo hukaza choo na kukifanya cheusi.

Je, wajua kwamba huruma ya ndugu nayo inafunga choo? Bariadi, mkoani Simiyu, kama kwingi Tanzania, chungu cha mgonjwa hutoka nyumbani. Mtu wa Itilima au Maswa aliyekulia michembe, matobolwa, mlenda na matembele, akishalazwa tu anageuziwa meza: uji mweupe wa sembe, mkate mweupe, soda. Eti chakula laini. Pumba za mahindi ya sembe hiyo zimebaki mashineni, zinaliwa na kuku, na kuku hao hawana shida yoyote ya choo. Kama daktari hajakataza, leteni uji wa dona, papai, mboga za majani, na maji ya kutosha. Vyakula hivyo vina nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi bila maji huzidisha ugumu.

Je, wajua kwamba ushahidi mkubwa wa kazi ya nyuzinyuzi ulitoka nchi jirani? Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Ireland aliyefanya kazi miaka mingi hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika na wenzake katika jarida la Lancet mwaka 1972 kwamba kwa wanavijiji wa Uganda, waliokula nyuzinyuzi nyingi, chakula kilipita tumboni kwa takribani saa 36. Kwa mabaharia wa Uingereza na wake zao, zaidi ya saa 80. Walipima hata uzito wa choo cha siku: gramu 470 hivi kwa wanavijiji, 104 kwa Waingereza. Burkitt alipenda kutania kwamba taifa lenye choo kidogo hujenga hospitali kubwa.

Je, wajua kwamba kuchuchumaa hunyoosha njia ya haja kubwa? Sasa mfikirie kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, mguu umefungiwa uzito, anaambiwa ajisaidie chali huku shemeji yake amekaa kando. Ataibana. Choo kinachobanwa huendelea kunyonywa maji hadi kikauke. Tokeni nje, vuteni pazia, hasa baada ya chai ya asubuhi, maana kula huuamsha utumbo mpana.

Je, wajua kwa nini baada ya upasuaji wa tumbo manesi huuliza, “Mama, umetoa hewa?” Upasuaji huulaza utumbo: mdogo huamka ndani ya siku moja hivi, mpana huchukua siku 2 hadi 3, na hewa ikitoka ni ishara kwamba umeamka. Wodini ushuzi hupokewa kwa furaha. Sijui mahali pengine.

Je, wajua kwamba kuvuja choo cha majimaji kunaweza kuwa kufunga choo? Kwa wazee na waliopata kiharusi, donge gumu huziba njia na maji yakapenya pembeni. Ndugu wakikimbilia dawa ya kuzuia kuharisha, donge linazidi kukaza.

Na je, wajua wakati wa kutogusa sanamaki wala dawa yoyote ya kuendesha? Ni pale tumbo linapovimba, mgonjwa anatapika, choo hakitoki na hewa haitoki. Utumbo unaweza kuwa umejisokota, jambo lisilo geni Afrika Mashariki. Awe zahanati ya kijijini Meatu au tayari yuko hospitali ya rufaa ya mkoa pale Nyaumata, Bariadi, daktari aitwe saa hiyo hiyo, na asipewe kitu chochote mdomoni hadi aonwe.